Perth, upande wa pili wa bahari yetu

Kilichotupeleka Perth ni mgodi. Baba watoto alifanya kazi ya ufundi mitambo Geita kwa miaka mingi, na watu wa dhahabu wanajuana. Mmoja akihamia Australia Magharibi, hukawii kusikia mwingine naye anaaga. Zamu yetu ilipofika, nilifungua ramani kwanza. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilipoona mji tunaokwenda umekaa ufukweni mwa Bahari ya Hindi, bahari ile ile niliyoogelea utotoni, roho ilitulia. Sydney iko huko mashariki, upande wa Pasifiki. Perth inatutazama sisi.

Tuliondoka Dar kupitia Doha. Kutoka Doha ni usiku mzima na zaidi, na sehemu kubwa ya njia chini ni maji matupu. Kabla ya kutua tukagawiwa kadi za kujaza: umebeba chakula? Mbegu? Kitu cha mbao? Waaustralia hawana mchezo na wadudu wala magonjwa ya mimea, na naona wana haki, maana nchi yao ina viumbe ambavyo huvikuti kwingine duniani. Nilikuwa na majani ya chai, viungo vya pilau, kunde, na mbegu za mchicha ambazo mama alinifungia kwenye kipande cha khanga. Niliandika vyote. Ofisa alifungua begi taratibu, akageuza kila pakiti, akairudisha chai na viungo, kunde na mbegu akaziweka pembeni. Anayetangaza mzigo wake hapigwi faini. Anaacha kinachozuiwa na kuendelea na safari. Kile kipande cha khanga alikikung'uta vizuri, akakikunja, akanirudishia.

Ilikuwa mwishoni mwa Januari. Joto la Tanga linakutoa jasho, la Perth linakukausha: midomo inapasuka, nguo ulizoanika zinakauka kabla hujamaliza kuosha vyombo. Zipo siku kipimajoto kinapita nyuzi 40. Jua lenyewe ni kali kwa namna nyingine, na nchi nzima imejifunza kuliheshimu kwa sababu ya saratani ya ngozi. Binti yetu alipoanza shule, mwalimu hakutuuliza kwanza kuhusu madaftari. Aliuliza kofia. Asiye na kofia pana wakati wa mapumziko hachezi uwanjani, anakaa kivulini akiwatazama wenzake, awe mweusi au mweupe.

Kupata nyumba ndiko kulikotuchosha. Mwenyeji wetu mmoja, aliyetutangulia kutoka Geita, alitupa chumba Victoria Park huku tukitafuta. Nyumba huonyeshwa kwa muda mfupi sana, pengine robo saa, mara nyingi Jumamosi, na mnaingia kundi zima mmevua viatu mnapishana jikoni. Kisha kila mmoja anatuma maombi: hati za mshahara, barua za mwenye nyumba wa zamani, vitambulisho. Mgeni ambaye hajawahi kupanga nyumba Australia anakosa kile hasa wanachokitaka, historia ya upangaji. Kilichotusaidia ni barua ya mwajiri na barua ya mwenye nyumba wetu wa Geita, tuliyoitafsirisha kwa mtafsiri anayetambulika.

Lakini nisiwanyime sifa yao. Kodi inatajwa kwa wiki, na sheria ya jimbo haimruhusu mwenye nyumba kudai zaidi ya wiki mbili za mbele unapoanza. Dhamana kwa kawaida ni ya wiki nne, na haikai mfukoni mwake, inawekwa serikalini hadi utakapohama. Mtu aliyezoea kuombwa kodi ya miezi sita, hata mwaka, kabla ya kushika funguo, anajua huo ni unafuu wa namna gani. Siku ya kuingia unapewa ripoti ya hali ya nyumba, chumba kwa chumba. Tulipiga picha kila ufa, kila doa la zulia, hata bawaba ya kabati iliyolegea. Nawashauri wote wanaokuja wafanye hivyo na wahifadhi picha hizo.

Nyumba tuliyoipata iko Morley, kaskazini mashariki mwa katikati ya mji. Wiki ile ile baba watoto akaitwa kazini.

Watu wa nyumbani hawaielewi vizuri kazi ya migodi ya huku. Mgodi uko Pilbara, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja kaskazini, kwenye ardhi nyekundu ya chuma. Wafanyakazi hawahamii huko. Wanapelekwa kwa ndege, wanakaa kambini, wanarudishwa mjini. Wapo wa siku nane kwa sita. Sisi tuliangukia wiki mbili kazini na moja nyumbani. Nenda uwanja wa ndege wa Perth alfajiri uwaone: mamia ya wanaume na wanawake wamevaa riflekta za rangi ya chungwa, wamebeba mabegi madogo, wanapanda ndege kama watu wa Dar wanavyopanda mwendokasi. Mshahara unakuja, lakini mama anabaki na nyumba, watoto na mitaa asiyoijua.

Hapo ndipo nilipoujua mji huu. Mambo ya karatasi Perth ni mepesi: namba ya kodi, akaunti ya benki, kadi ya basi, shule, yote yanakwenda kwa mpangilio na watu wa ofisini wanakusikiliza mpaka umalize. Watu ndio hawaji. Hakuna atakayebisha hodi kukuuliza umeamkaje. Kila nyumba ina uzio, kila mtu anaingia gereji na gari lake, mlango unashuka. Mchana unaweza kutembea mtaa mzima usikutane na mtu anayetembea. Hawana ubaya wowote. Hata akishuka kwenye basi abiria wa Perth humwambia dereva asante, na jambo hilo lilinigusa tangu mwanzo. Ila hapa anayetaka watu lazima awafuate, tena kwa makusudi.

Nikawafuata. Dereva wa basi ndiye aliyeniambia Waafrika wengi hununua vyakula Mirrabooka, si mbali na kwetu. Nilikwenda Jumamosi na watoto. Dukani kulikuwa na unga wa sembe, mihogo iliyogandishwa, mafuta ya mawese, dagaa. Nilikuwa nimeinama nikisoma pakiti ya unga nikasikia nyuma yangu mtu anamkanya mtoto, "Weka chini, si yako hiyo." Nikageuka haraka kuliko nilivyokusudia.

"Shikamoo, mama," nikasema, maana alinizidi umri.

"Marahaba, mwanangu. Unatokea wapi?"

"Tanga, Tanzania."

"Tanzania! Mimi wa Fizi, Kongo, lakini watoto nimewazalia kwenu. Nyarugusu."

Mama yule aliishi kambini Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa Australia na familia yake. Wako wengi kama yeye, Wakongo na Warundi waliopitia kambi za Tanzania, na Kiswahili chao ndicho kinachosikika kwenye maduka hayo kuliko cha sisi tuliokuja kwa kazi. Hakunipa namba ya simu tu. Alikagua kapu langu, akautoa unga niliochukua, akaweka mwingine, "huu unashika." Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna ofisi iliyoniuliza: "Mume akiwa kazini, nani anakaa na wewe?" Jumamosi iliyofuata alikuwa sebuleni kwangu na binti zake wawili, wamebeba sombe, kisamvu kwa lugha yetu, iliyopikwa kwa mawese. Nilikula na nikalia kidogo, na hawakushangaa.

Jirani wa upande wa kushoto alipatikana kwa njia ya mchicha. Mbegu nilizipata upya kwa akina mama wa Mirrabooka, nikalima tuta nyuma ya nyumba. Perth imejengwa juu ya mchanga, mchanga wa kijivu unaofanana na wa ufukweni, na mchanga huo una tabia ya ajabu. Ukiumwagilia, maji hayazami. Yanasimama juu kama matone ya mafuta, yanabiringika, yanakimbilia pembeni. Ukifukua kwa kidole chini pakavu kabisa. Chembe zake zimepakwa nta ya majani yaliyooza. Mzee wa Kiitaliano, aliyeletwa na wazazi wake kwa meli hadi Fremantle akiwa mtoto, alikuwa akinitazama juu ya uzio. Hakusema kitu. Aliondoka, akarudi na toroli la mboji na ndoo ya udongo wa mfinyanzi, akanionyesha namna ya kuchanganya na kulowesha kidogo kidogo. Tangu siku hiyo nyanya zake zinavuka uzio kuja kwetu na mchicha wetu unavuka kwenda kwake. Anaupika na kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, na ni mtamu.

Yeye pia ndiye aliyenieleza habari ya maji. Mvua za kusini magharibi mwa Australia zimepungua tangu miaka ya 1970, mabwawa hayajai kama zamani, na mji ukageukia bahari: kiwanda kikubwa cha kuondoa chumvi kilianza Kwinana mwaka 2006, kingine Binningup mwaka 2011. Kwa hiyo sehemu ya maji ya bombani imetoka baharini. Kunyunyizia bustani kwa mitambo kuna siku zake mbili kwa wiki kulingana na namba ya nyumba, na kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti mitambo inazimwa kabisa.

Shuleni binti alifundishwa kwamba Wanoongar, wenye ardhi hii, wanahesabu majira sita na si manne. Tulifika Birak ikielekea ukingoni, tukaingia Bunuru, kipindi cha joto kali kuliko vyote. Makuru ndiyo baridi na mvua. Kila mkutano wa shule unaanza kwa kuwataja Wanoongar wa Whadjuk kuwa wenyeji wa mahali hapa. Napenda watoto wangu wasikie hivyo, wajue walipofika palikuwa na watu tangu zama na zama. Ukisimama ufukwe wa Cottesloe unakiona kisiwa cha Rottnest, Wadjemup kwa jina la wenyeji, kilomita zipatazo 19 baharini. Watalii wanakwenda kupiga picha na kwoka, mnyama mdogo mwenye sura ya kucheka. Kuanzia 1838 kisiwa hicho kilikuwa gereza la wanaume na vijana wa Kiaborijini waliotolewa kila pembe ya jimbo, na mamia wamezikwa pale. Hatujakwenda bado. Tutakapokwenda nataka watoto waone makaburi kwanza.

Fremantle tunakwenda mara kwa mara, kwa treni, hasa Jumapili ambapo kadi ya basi na treni haikatwi nauli. Alasiri za kiangazi upepo unaingia kutoka kusini magharibi, na mji mzima unaoungua unapoa. Wenyewe wanauita Daktari wa Fremantle. Mimi niliyekulia kwenye kaskazi na kusi nilimwelewa Daktari huyo siku ya kwanza. Kwenye makumbusho ya meli zilizozama wameweka sehemu ya meli ya Kiholanzi Batavia, iliyopasuka kwenye miamba mwaka 1629, mbao nyeusi kubwa kuliko ukuta wa nyumba. Nikamsimulia binti kuwa kaskazini mwa nchi hii, kwenye visiwa vya Wessel, mwaka 1944 askari aliokota sarafu za shaba, na tano kati yake zilikuwa za Kilwa. Namna zilivyofika huko bado inabishaniwa. Alitaka kujua kama aliyezileta alirudi nyumbani.

Nyumbani kwetu ni saa tano nyuma. Mama akiamka saa kumi na mbili asubuhi Tanga, huku ni saa tano, nguo zimeshakauka, namwelekezea simu kwenye tuta aone mchicha. Wakati wa jioni yangu, watoto wakiwa wamelala, kwake bado jua linawaka na jirani zake wanapita wakinisalimia kwenye simu yake mmoja mmoja.

Leseni ya Tanzania huku haibadilishwi hivi hivi. Unafanya mtihani wa sheria, wa kutambua hatari kwenye kompyuta, halafu wa barabarani. Upande wa kushoto ni ule ule wa kwetu, na kipilefti ni kipilefti. Nimepata yangu mwezi uliopita. Pasaka hii zamu ya baba watoto inaangukia nyumbani, na tunakwenda Kalgoorlie, kilomita karibu 600, kwenye dhahabu yao. Barabara inafuatana na bomba la maji lililofunguliwa mwaka 1903 kutoka bwawa la Mundaring, na yeye kama fundi anataka tusimame kwenye ile pampu ya kwanza. Mama wa Fizi anakuja nasi na binti zake. Yeye atabeba sombe, mimi napika vitumbua, na hadi Northam usukani ni wangu.