Salaita: mshono wa panorama hatimaye umeshika

Umeshika! Picha ya mzingo mzima kutoka kilele cha Salaita, kilima kilicho mashariki ya Taveta, Kenya, imeungana, kuanzia Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hadi kurudi Kibo, na mawe yaliyopangwa ukingoni mwa handaki yametulia kila moja mahali pake. Nimeifungua kwenye kioo kikubwa, nikaisogeza polepole kutoka kushoto kwenda kulia, nikarudia, na sikupata pa kunung'unikia. Nina furaha isiyo na kifani.

Kwa wanaojiunga sasa, mradi wenyewe ni huu: kupanda vilima vilivyogeuzwa ngome wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kuanzia Voi hadi pande za Taveta, na kutoka kila kilele nitengeneze picha moja ya digrii 360 yenye vitu viwili pamoja. Cha kwanza ni mandhari yote hadi upeo wa macho. Cha pili ni kazi ya mikono ya askari iliyobaki miguuni pa mpandaji. Kupiga milima peke yake hakuna kazi, simu yoyote inaweza. Shida inaanza pale unapotaka mawe yaliyo hatua mbili kutoka kwenye lenzi yakae katika picha moja na Kilimanjaro, iliyo zaidi ya kilomita 50.

Salaita ndiyo iliyonitoa jasho. Kwa urefu ni kilima tu, hakikupi pumzi za Vuria wala Kasigau. Lakini kimesimama peke yake kwenye nyika, kwa hiyo ukifika juu hakuna kinachokuzuia: vilele vya Kilimanjaro, Kibo na Mawenzi, kaskazini-magharibi, Mawenzi ikiwa kulia, Taveta magharibi, na nyuma yake vilima vya Latema na Reata, kusini Ziwa Jipe na Milima ya Pare, mashariki Milima ya Taita. Wajerumani walioiteka Taveta Agosti 1914 waliuona umuhimu huo mapema, wakakiimarisha kilima kufunga njia ya yeyote atakayetoka upande wa Voi.

Sasa mshono, yaani pale picha moja inapounganishwa na nyingine. Kamera ikizungushwa juu ya tripodi, lenzi haibaki mahali pamoja. Inachora duara dogo hewani. Kwa mlima wa mbali duara hilo si kitu. Kwa jiwe la karibu ni balaa, kwa sababu katika picha ya kwanza jiwe linaziba kichaka fulani, na katika picha ya pili kichaka hichohicho kimechomoza pembeni yake. Programu ya kuunganisha picha inapojaribu kuzioanisha inachagua upande mmoja. Ikichagua mlima, ukuta wa mawe ya handaki unakatika. Ikichagua ukuta, ukingo wa Kilimanjaro unaruka kidogo kama ngazi, na macho ya mtu yanakimbilia palepale. Kila nilichotengeneza kilikuwa na jiwe lenye vichwa viwili, na sikuzote ni lile la pembeni, jeusi, lenye ufa katikati. Nimelikariri jiwe lile hadi naweza kulichora nikiwa nimefumba macho.

Dawa ni kuitafuta nukta ndani ya lenzi ambayo ukizungukia hapo, cha karibu na cha mbali havisogeleani. Nilichomeka vijiti viwili ardhini, kimoja karibu na kamera na kingine mbali, nikavipanga vifunikane katikati ya fremu. Kisha nikageuza kamera hadi vijiti vifike ukingoni mwa fremu. Cha karibu kikiteleza pembeni ya cha mbali, kamera inarudishwa nyuma kidogo juu ya reli yake ya kuteleza iliyofungwa kwenye tripodi, unajaribu tena. Ni kazi ya milimita. Nilipoipata nikaweka alama kwa rangi ya kucha kwenye reli, na lenzi ile sasa haiondoki hapo. Kama una lenzi ya kuvuta, chagua urefu mmoja uufunge kwa utepe, maana nukta inahama ukivuta.

Hata hivyo picha zilizofuata zilikataa tena, na hapa ndipo nilipokaribia kuuweka mradi kabatini. Kila kipimo kilikuwa sawa, na bado mshono ulicheza. Mkosaji alikuwa upepo. Programu inapotafuta nukta za kuoanisha inapenda vitu vyenye michoro mingi, na Salaita kitu chenye michoro mingi kuliko vyote ni matawi ya miiba. Matawi hayo hayatulii. Kati ya picha moja na nyingine tawi limeshahama, na programu inaliamini kama lingekuwa mwamba. Nikafungua orodha ya nukta, nikazifuta zote zilizokaa kwenye vichaka, nikaweka zangu kwa mkono: nyingine kwenye mawe ya handaki, nyingine kwenye mgongo wa Pare, nyingine kwenye kingo za Mawenzi. Ni kazi ya usiku kucha na inaumiza shingo. Lakini nilipobonyeza kuunganisha, lile jiwe lenye ufa likatoka zima.

Kuhusu vifaa, maoni yangu hayajabadilika. Hugin, programu niliyounganishia picha, ni ya bure na inakupa ruhusa ya kugusa kila nukta, kwa kazi ya namna hii sitaki kingine. Programu za kuunganisha kwa kitufe kimoja ni nzuri hadi siku zinapokosea, na zikikosea hazikuachii pa kushika. Tripodi nataka nzito. Zile nyepesi za kubebea mlimani zinasifiwa sana, lakini nyika ile ina upepo wa kutosha kuzitetemesha, na ukitundika begi chini linabembea. Mimi nilijaza mfuko mchanga nikiwa bondeni. Mawe ya kilimani sigusi, hata dogo, na maganda ya risasi ukiyaona yaache yalipo. Jiwe likishaondoka kwenye mstari wa handaki hakuna atakayejua lilikaa wapi.

Kipimo cha mwanga cha kamera nacho kifungwe kwa mkono kabla ya picha ya kwanza. Asubuhi jua linatokea nyuma ya Taita huku theluji ya Kibo inang'aa upande wa pili, na kamera ikiachiwa ijiamulie, anga inatoka na mabaka. Na lazima iwe asubuhi, kwa sababu jua likipanda kidogo tu mawingu yanaufunika mlima.

Mpango ulikuwa, Salaita ikikamilika, nihamie Latema na Reata, ambako Waingereza walipigana usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Machi 1916. Nimeuahirisha. Sababu ni kitu nilichokiona kwenye panorama yenyewe baada ya kushika.

Tarehe 12 Februari 1916 kikosi cha Waingereza chini ya Jenerali Malleson, wengi wao wakiwa Waafrika Kusini waliokuwa wageni kabisa katika nyika hii, kilikishambulia kilima hiki kutoka mashariki. Mizinga yao ilitwanga kileleni. Lakini mahandaki makuu ya Wajerumani na askari wao yalikuwa chini, karibu na kitako cha kilima, yamefichwa na vichaka. Washambuliaji wakapokewa na risasi kutoka mahali wasipopatazamia, wakarudi nyuma wakifunikwa na Wabaluchi, askari wa Jeshi la India, wa kikosi cha 130. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea walikuwa kiasi cha 170.

Nilikuwa nimeisoma habari hiyo mara nyingi bila kuielewa. Picha ndiyo iliyonielewesha. Geuza panorama ielekee mashariki, unaona Taita yote, unaona nyika imetandazwa mbele yako, ila kitako cha kilima hukioni. Mteremko umebinuka katikati, na vichaka vinamalizia kazi. Aliyesimama kileleni anaona mbali ajabu, na hamwoni mtu aliye karibu. Kwa hiyo pale juu palifaa kwa darubini, na bunduki za rashasha zilihitaji pa chini, penye usawa wa nyika.

Nikataka kupima. Nilibaki kileleni kando ya handaki, na mwenyeji anayetuongoza akashuka na kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye fimbo ndefu, simu zetu zote zikiwa hewani. Hatua chache tu akapotea. Nikawa nasikia sauti yake: "Kaka, hapa unaniona?" Sikuoni. "Na hapa?" Bado. Aliendelea hivyo hadi akafika chini, akapita kitako, akaingia nyikani, na hapo ndipo wekundu ulipochomoza kwenye uwazi kati ya miiba miwili. Kila nilipomjibu aliweka alama ya mahali kwenye simu yake. Alama hizo nimezipanga kwenye ramani, na zinachora ukanda mpana unaokizunguka kilima upande wa mashariki. Ukanda huo wote kilele hakiuoni.

Kwa hiyo sasa nataka panorama ya pili ya Salaita, kutoka chini, ndani ya ukanda huo, lenzi ikiwa kwenye kimo cha mtu aliyechuchumaa. Tripodi yangu haishuki kiasi hicho, kwa hiyo natengeneza kigoda cha mbao chenye bolti katikati na pimamaji pembeni. Reli na alama yake ya rangi ya kucha vitahamia hapo vilevile. Upepo wa chini ni mdogo, lakini matawi yatakuwa usoni kabisa, na huenda nikalazimika kuweka nukta zote kwa mkono tangu mwanzo. Nitasubiri kiangazi, majani yapukutike na ardhi ionekane, halafu nipige jua likiwa bado limelala ili vivuli vinionyeshe penye mashimo. Mwenye kigoda kilichokwisha kufanya kazi anitumie vipimo vyake, hasa unene wa ubao, kwa sababu wa kwanza nilioukata unapinda bolti ikikazwa.