Cc 990, 1290 au 1490: kwa sisi wa Dodoma naichagua 1490

Ukitaka kununua gari dogo la mkononi hapa Dodoma, kila utakayemuuliza ataanza na mafuta. Chukua cc ndogo, dada, mafuta yamepanda. Nimeambiwa hivyo ofisini, nimeambiwa saluni, na dalali mmoja wa Kizota aliniambia kabla sijamaliza kumsalimia. Kwa mtu ambaye safari zake ni Majengo, Sabasaba na Area C, wana haki kabisa. Mimi naishi Nkuhungu, kazi yangu iko Mtumba, na mama yangu mzazi yuko Iringa, umri umeenda, ni mtu wa kliniki. Nilitaka gari la kuwapeleka watoto shule asubuhi na la kumfuata mama saa yoyote nikipigiwa simu. Kwa hiyo swali langu lilikuwa jingine: hili gari likiwa na watu wazima wanne, mizigo nyuma na AC imewashwa, linapandaje mlima wa Nyang'oro, ulioko kwenye barabara ya Iringa?

Kwa bajeti yangu zilibaki injini tatu. Ya kwanza ni ile ya pistoni tatu, 1KR-FE, iliyomo kwenye Toyota Passo na kwenye Toyota Vitz ya toleo la pili ya lita moja. Ya pili ni 2NZ-FE ya Toyota IST ya zamani, ambayo madalali huitangaza kama cc 1290. Ya tatu ni 1NZ-FE, cc 1490, nayo imo kwenye IST hiyohiyo. Hizi tarakimu zinazoishia na 90 zimetoka kwenye karatasi za Japan, ambako ukubwa wa injini huandikwa lita 0.99, 1.29 au 1.49, nazo huhamia hivyo hivyo kwenye kadi zetu. Injini ya 1290 kwa hakika ni cc 1298.

Hizi mbili za IST ni ndugu wa damu. Zote zina pistoni nne, VVT-i (mfumo wa Toyota wa kurekebisha muda wa vali kufunguka), na cheni ya taimingi badala ya mkanda. Kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 75. Kilichotofautiana ni mwendo wa pistoni kupanda na kushuka: 2NZ inakwenda milimita 73.5, 1NZ milimita 84.7. Hiyo sentimita moja na kidogo ndiyo unayoilipia. Inaleta nguvu ya farasi 109 dhidi ya 87, na nguvu ya kusukuma takribani nyutonimita 140 dhidi ya 120. Ile ya Passo ina farasi 71 na nyutonimita 94 hivi. Ni kweli Passo ni jepesi, kama kilo 900, wakati IST inakaribia tani moja, lakini ukishapakia familia tofauti ya kilo mia huioni tena.

Halafu kuna jambo ambalo sikumsikia dalali yeyote akilitaja, nalo linatuhusu sisi watu wa bara kuliko ndugu zetu wa Dar es Salaam. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, huvuta hewa iliyopo tu. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Basi zile farasi 71 za kwenye karatasi, ukiwa Nkuhungu ni 64 hivi. Ongeza kompresa ya AC, ambayo kwenye injini hizi ndogo inadai nguvu karibu ileile, na joto la mwezi wa kumi na moja. Injini ya 1490 ikipoteza sehemu yake ya kumi bado inabaki na farasi wengi kuliko wa 1290 iliyoko ufukweni.

Passo niliazimwa na mwenzangu wa ofisini, nikakaa nalo muda wa kutosha kulijua. Mjini ni raha. Linakata kona sokoni Majengo bila jasho, linaingia kwenye nafasi ambayo IST ingebaki nje, na mafuta halili. Injini ile ni nzuri, na haikutengenezwa kwa ajili ya Japan peke yake: tangu 2005 iliwekwa kwenye Toyota Aygo, Peugeot 107 na Citroën C1 za Ulaya, na ilishinda tuzo ya kimataifa ya injini bora za chini ya lita moja kuanzia 2007 hadi 2010. Ukisimama kwenye taa na AC imewashwa utasikia usukani unatetemeka kidogo. Hiyo ni tabia ya pistoni tatu, ila ikizidi, maunti za injini, yaani mipira inayoishikilia, zimechoka. Kwa mwalimu au nesi ambaye nyumbani na kazini kwake ni mjini hapahapa, ningemwambia alichukue na asisikilize maneno ya watu.

Lakini nilipolipandisha kilima cha kwenda UDOM tukiwa wanne, AC ikiwa namba mbili, nilikanyaga mafuta hadi karibu na sakafu na bado bajaji ilikuwa inanikaribia kwa nyuma. Pale niliwaza Nyang'oro.

Wasioijua barabara hiyo niwaeleze kidogo. Kutoka Dodoma hadi Iringa ni kilomita 260 hivi. Mtera, kwenye bwawa, uko kwenye mita 700 na joto lake ni la kuchoma. Iringa mjini ni mita 1,500 na zaidi. Kwa hiyo baada ya Migoli gari linaanza kurudisha mita zaidi ya 800, na sehemu kubwa inaliwa palepale Nyang'oro, kona juu ya kona. Lami ni nzuri. Kinachopimwa ni injini na rejeta.

IST ya kaka yangu ni 1290, namba D, imetunzwa. Tulikwenda nayo kwa mama. Kwenye tambarare ya Fufu na Mtera sikuona tofauti yoyote ya kuandikia. Nyang'oro ndipo ilipojieleza. Mita kwenye IST ya zamani ziko katikati ya dashibodi, kwa hiyo hata abiria anaona kila kitu, na sote tulikuwa tunautazama ule mshale wa mizunguko. Gia otomatiki ina hatua nne. Kona ya kwanza ikaacha ya nne, kona iliyofuata ikaacha ya tatu, mshale ukapita 4,000 na injini ikaanza kulia. Kaka akabonyeza kitufe cha O/D kwenye mkono wa gia, kinachoizuia gia ya nne, ili isiwe inapanda na kushuka, akazima AC, tukafungua vioo. Tulifika juu salama, injini haikuchemka. Gari halikuwa na tatizo, lilikuwa linafanya kazi kwa kipimo chake cha mwisho.

Mlima uleule kwenye 1490 yangu, na mama kiti cha mbele akitoka kutibiwa, tulipanda gia ya tatu sehemu kubwa, AC ikiwa imewashwa, watoto wamelala nyuma. Mama alikuwa ananihadithia habari za majirani na sikuhitaji kupaza sauti kumjibu. Kwangu hiyo ni tofauti yenye thamani ya pesa.

Kuna sababu nyingine nzito zaidi, nayo ni barabara ya Morogoro. Kibaigwa, Pandambili hadi Gairo unakutana na malori ya mahindi ya kwetu na malori ya masafa yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Piga hesabu. Lori lenye tela linakwenda kilomita 60 kwa saa. Ili ulipite, pamoja na nafasi ya kutoka nyuma yake na kurudi mbele yake, unahitaji kulizidi kama mita 60. Ukiweza kufika 80 tu, utatumia karibu sekunde 11 ukiwa upande usio wako. Ndani ya sekunde hizo wewe unasogea mita 240, na basi linalokuja kwa kasi kama yako linasogea mita 240. Lazima uone karibu nusu kilomita iliyo tupu. Ukiwa na injini ya kukufikisha 90 haraka, sekunde 11 zinakuwa 7 na kidogo. Dereva mwenye busara hapiti pasipoonekana, hata awe na injini ya aina gani. Lakini ukishaamua kupita, nataka gari liitike. Sitaki kujadiliana nalo nikiwa sambamba na matairi ya tela huku watoto wangu wako nyuma.

Sasa mafuta, maana najua ndiyo mliyoyasubiri. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Dodoma tunalipa zaidi ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafirishaji. Nililinganisha kwa njia ya kawaida: fulu tanki, safari, fulu tanki tena sheli ileile, lita gawanya kwa kilomita. Mjini, kwenye foleni za asubuhi, 1290 inashinda, na inaonekana. Safari ndefu, tofauti kati ya 1290 na 1490 ilikuwa ndogo kiasi kwamba upepo na mguu wa dereva vinaweza kuifuta. Sababu yake inaeleweka. Injini ndogo ikibebeshwa mzigo mkubwa inakanyagwa zaidi na inazunguka zaidi, na gia zinashuka mara kwa mara, kwa hiyo faida ya udogo wake inaliwa mlimani. Passo linabaki na ushindi wake wa mafuta popote tambarare, hilo silipingi.

Wengine huogopa kodi. Ushuru wa bidhaa kwa gari linaloingizwa ni asilimia 0 hadi cc 1000, na asilimia 5 kutoka 1001 hadi 2000. Maana yake 1290 na 1490 ziko kapu moja, na anayekwepa 1490 kwa hofu ya ushuru hana anachookoa. Mzigo mkubwa ni umri: gari lililozidi miaka 10 linaongezewa asilimia 30. IST ya toleo la kwanza ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, kwa hiyo yeyote anayeiagiza leo analipa hiyo, na ndiyo maana za mkononi zilizokwisha sajiliwa hazishuki bei kirahisi. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye lita ya mafuta, basi huko nako cc haikuandami tena.

Spea ni karibu sawa kwa hizi mbili. Oili inaingia lita 3.7 pamoja na filta, galoni ya lita nne inatosha. Plagi nne, koili nne; Passo la 990 ni tatu tatu, hapo linakupunguzia kidogo. Mazda Demio na Honda Fit nilizitazama haraka nikaziacha. Fit ya kwanza ya cc 1300 ina plagi nane, mbili kila silinda, na giaboksi yake ya CVT inataka oili yake maalumu, na sikutaka kuitafuta oili hiyo nikiwa nimekwama Migoli.

Ugonjwa wa 1NZ iliyozeeka ni kula oili, pete za pistoni zikishaziba. Fundi wangu wa Chang'ombe, mzee wa Kigogo mwenye maneno machache, alinikataza kwenda kuangalia gari mchana. "Nenda asubuhi, mama. Mwambie asiliwashe kabla hujafika." Nilifanya hivyo kwa kila gari. Unashika boneti, iwe baridi. Unachomoa kijiti cha oili, unafungua kifuniko na kutazama chini yake: rangi ya asali iliyoiva sawa, tope jeusi lililoganda ondoka. Unawasha na kusikiliza cheni. Ikikwaruza kidogo na kunyamaza, subiri, ikiendelea kukwaruza, shukuru na uage. Halafu mwombe mtu akanyage mafuta wewe umesimama nyuma kwenye eksozi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. IST 1490 moja ya Kisasa, rangi safi, viti vipya, bei ya kuvutia, ilitoa bluu ya kutosha kuonekana kutoka getini. Kati ya 1490 ya namna hiyo na 1290 iliyotunzwa kama ya kaka yangu, chukua 1290 bila kufikiri mara mbili.

Na fungua boneti usome kibati. NCP60 ni 1290, NCP61 ni 1490, na NCP65 ni 1490 ya kuvuta matairi yote manne. Injini hizi hubadilishana nafasi bila shida kubwa, kwa hiyo zipo IST zilizotoka Japan na 2NZ na leo zina 1NZ ya mtumba. Si dhambi, mradi namba iliyochongwa kwenye bloku ndiyo iliyoko kwenye kadi. Nilikuta moja Nzuguni ambayo hazikulingana. Gari lilikuwa zuri, linavuta, na mwenyewe alikuwa mkweli kwamba injini ilibadilishwa. Nilimwomba arekebishe kadi TRA kwanza ndipo tuzungumze pesa, akasema nilipe nusu atarekebisha baadaye. Tuliagana kwa heshima, nikanunua nyingine.