Luis Pacheco, mkalimani wa Meja Dade

Mimi ni mkalimani. Hapa Tampa, jimbo la Florida, kuna familia nyingi zilizotoka Kongo, na siku zangu hupita kliniki, shuleni na mahakamani, nimekaa kati ya mama anayeongea Kiswahili cha Uvira na ofisa anayeongea Kiingereza. Anayefanya kazi hii anajua vile jibu lisipopendeza wote wawili wanavyomgeukia yeye, kana kwamba maneno ni yake. Basi nilipoanza kusoma vita vya Waseminole, wenyeji wa asili waliopigana na jeshi la Marekani humu humu Florida, sikuganda kwa Osceola, mpiganaji wao ambaye kila mtu anamtaja. Nilimganda Luis Pacheco.

Luis alikuwa mtumwa. Alizaliwa Florida ikiwa bado mikononi mwa Wahispania, akajifunza kusoma na kuandika, akajua Kiingereza, Kihispania, Kifaransa na lugha ya Waseminole. Desemba 1835 jeshi la Marekani lilimkodi kutoka kwa mwenye kummiliki, awe mwongozaji na mkalimani wa Meja Francis Dade. Hebu fikiria: kazi ni yako, shingo ni yako, ujira unaingia mfuko wa mwingine.

Msafara wa watu mia moja na ushee ulitoka Fort Brooke, pale Mto Hillsborough unapoingia baharini na ambapo leo ni katikati ya jiji letu, ukielekea Fort King, karibu na Ocala ya sasa. Asubuhi ya tarehe 28 ilikuwa ya baridi na manyunyu. Askari walikuwa wamevaa makoti mazito na kuyafunga vifungo juu ya mikoba ya risasi. Sehemu za hatari walishazipita, au ndivyo Dade alivyodhani, kwa hiyo hakuweka walinzi wa pembeni. Kwa masimulizi ya Ransom Clark, mmoja wa wachache mno waliorudi hai, Dade aliwaambia vijana wake wajipe moyo, wakifika Fort King watapumzika siku tatu na kula Krismasi yao. Waseminole walikuwa wamelala kwenye majani marefu na vichaka vya palmeto. Chifu Micanopy alipiga ya kwanza, Dade akaanguka. Mzunguko huo wa kwanza wa risasi uliondoka na karibu nusu ya msafara, wengine wakiwa bado wanahangaika na vifungo vya makoti.

Nimefika pale. Ni Bushnell, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka kwangu, na siku hizi ni hifadhi ya jimbo. Wamejenga upya kile kiukuta cha magogo ambacho askari waliobaki walikikata na kukipanga haraka haraka ili wajikinge hadi mchana. Ni kifupi mno. Ukikiona unaelewa kwa nini hakikumsaidia mtu. Nilizunguka nikijiuliza Luis alilala wapi wakati risasi zinapita. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alijitupa chini akaomba asiuawe. Waseminole hawakumuua, wakaondoka naye.

Hapo ndipo jina lake lilipochafuka. Magazeti na wakubwa wa jeshi walisema amewauza askari, amepeleka habari za njia. Ndiye mtu mweusi aliyejua lugha ya adui, tena yu hai. Ushahidi gani mwingine ulihitajika?

Lakini tuhuma hiyo haikuota hewani. Waseminole hawakuwa peke yao msituni. Miongoni mwao waliishi watoro wa mashamba ya Georgia na Carolina, wana vijiji vyao, mashamba yao na bunduki zao, wakiwapa machifu sehemu ya mavuno. Mwaka 1816 jeshi la Marekani liliingia ardhi ya Wahispania na kushambulia ngome ya watoro kwenye Mto Apalachicola. Kombora lililopashwa moto likaangukia ghala la baruti, na watu wapatao 270 wakafa, wanawake na watoto wakiwemo. Andrew Jackson akaivamia Florida 1818. Mwaka 1830, akiwa rais, alitia saini sheria ya kuwahamishia wenyeji magharibi ya Mississippi, na kwa Waseminole kuhama kulikuwa na maana mbili: kupoteza nchi, na kuona ndugu zao weusi wakikamatwa njiani. Jenerali Thomas Jesup mwenyewe, aliyeongoza jeshi la Marekani huku Florida, aliandika Desemba 1836 kwamba hivi ni vita vya Weusi, si vya Wahindi Wekundu. Nakubaliana naye, ingawa yeye alilisema kama onyo.

Na vingeweza kuisha mapema. Machi 1837 machifu walikubali kuhama kwa sharti kwamba watu weusi waende pamoja nao. Aliyesimama katikati alikuwa Abraham, mkalimani mwingine, mtoro aliyekuwa mshauri wa Micanopy. Watu wakaanza kukusanyika kambini karibu na Tampa, meli zikingoja. Wenye mashamba wakapiga kelele kudai watumwa wao, Jesup akalegeza, wawindaji wa watumwa wakaanza kujitokeza. Usiku mmoja wa Juni, Osceola na mzee Abiaka wakaja na wapiganaji wao, na kambi ya watu kama 700 ikabaki tupu. Vita vikaendelea miaka mingine mitano. Oktoba mwaka huo Osceola alikamatwa chini ya bendera nyeupe, kwa amri ya Jesup. Alikufa kizuizini Januari 1838.

Kufikia 1842 askari wa Marekani wapatao 1,500 walikuwa wamekufa, wengi wao kwa maradhi. Vikaja vita vingine kuanzia 1855 hadi 1858, na bado watu mia kadhaa wakabaki ndani ya vinamasi vya Everglades. Wajukuu zao wapo mpaka leo, na wanasema hawajawahi kutia saini mkataba wa amani.

Jesup aliwaahidi uhuru watu weusi watakaojisalimisha. Mwaka 1848 mwanasheria mkuu wa Marekani akatamka kwamba ahadi hiyo haina nguvu kisheria. John Horse, mmoja wa viongozi wa watu weusi hao, aliyekuwa ameiamini, hakungoja: mwaka uliofuata akaanza safari na watu wake kwenda Mexico, ambako utumwa ulikuwa umefutwa tangu 1829.

Luis naye alipakiwa melini 1838 akapelekwa magharibi. Familia iliyommiliki ikapeleka ombi bungeni Washington ilipwe dola 1,000 kwa mali yake iliyopotea kazini. Mbunge Joshua Giddings wa Ohio alisimama kupinga, akisema serikali haina sababu ya kumlipa mtu thamani ya binadamu mwenzake. Zile familia za askari wa Dade sijui kama kuna aliyewakumbuka kwa bidii hiyo.

Uzeeni Luis alirudi Florida, na mwaka 1892 gazeti moja likachapisha maelezo yake. Alikana kabisa kuwa msaliti. Mimi namwamini, kwa sababu za kikazi zaidi kuliko za kihistoria. Ila hata kama siku moja itafukuliwa barua inayoonyesha kwamba alipeleka habari za njia, sioni alichokuwa anadaiwa na Meja Dade.