Bakuli la Mirkati

Moyo huniuma nikiona banda la mirkati lina bakuli lililofurika ndizi, papai na zabibu, na aliyeliweka akiamini amewafanyia wema. Mirkati ni jamaa ya nguchiro, mwenyeji wa Kalahari na nyika kame za Namibia, Botswana na Afrika Kusini. Huko hushinda saa tano hadi nane akifukua mchanga kutafuta mabuu, mbawakawa, nge, mchwa, na mara mojamoja mjusi. Matunda matamu humwozesha meno na kumharisha.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni mafuta. Mirkati wa kufugwa hupandwa na kolesteroli kwa urahisi, hata madaktari wa wanyama wamekuta vinundu vyake kwenye ubongo. Ndiyo maana siafiki kumpa funza wa unga kila siku. Wana mafuta mengi, na fosforasi yao huizidi mno kalsiamu. Wawili watatu wa kumchangamsha wanatosha.

Nyenje na panzi ni afadhali, ila nao walishwe kwanza. Siku moja au mbili kabla, wape mboga za majani na chakula chenye kalsiamu. Kisha watie kwenye mfuko wenye unga kidogo wa kalsiamu kaboneti, utikise taratibu, uwatoe papo hapo. Ukichelewa, nyenje hujipangusa na mnyama anakula mdudu mtupu. Panzi wa shamba lililopigwa dawa wasikaribie banda.

Kifaranga wa siku moja, aliyekufa, ni mlo mzuri kwa vile una mifupa na manyoya ya kutafuna, na kutafuna husaidia meno. Pasua tumbo utoe kifuko cha kiini cha yai. Mafuta mengi yamo humo. Aliyegandishwa ayeyushwe ndani ya jokofu usiku kucha, asiachwe mezani kwenye joto. Mabaki yaondolewe mapema, maana nyama huoza. Chakula kikavu cha paka kinaweza kujazia, kwa kiasi. Parachichi, kitunguu na chokoleti, hapana kabisa.

Kwa mkubwa wa gramu 700, mimi ningeanzia gramu 35 hadi 50 kwa siku, kila kitu kikiwemo, zigawanywe mara tatu au nne. Kisha mizani ndiyo iamue. Kupima si kazi ngumu: watafiti walioanza kuwafuatilia mirkati wa Kalahari mwaka 1993 huwavuta juu ya mizani kwa chembe ya yai la kuchemsha. Pima kila wiki, mmoja mmoja, uandike. Anayenenepa bila mimba apunguziwe kidogokidogo, na anayekonda ghafla apelekwe kwa daktari.

Wadudu wafiche mchangani, chini ya mawe, ndani ya magogo yenye uwazi, sehemu nyingi kwa mpigo. Chakula kikiwekwa mahali pamoja, jike mkuu hukihodhi; yeye ananenepa, wadogo wanalala njaa, na ugomvi hauishi. Ukitazama kundi zima kwa mbali hutaligundua hilo, kwa kuwa bakuli litakuwa tupu kila siku.

Maji safi yawepo wakati wote. Porini unyevu hutoka kwenye mawindo, lakini chakula kikavu hakina.