Daftari la zaka na watu wasioomba

Kwenye kamati za zaka misikitini mvutano ni uleule: mmoja anataka fomu, mwingine anasema tutoe kwa nia njema, Mungu ndiye ajuaye. Lakini fiqhi yenyewe, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, inadai hesabu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, fakiri ni yule ambaye anachopata hakifiki nusu ya mahitaji yake. Maskini amevuka nusu, ila hakimtoshi.

Kwa hiyo maswali matano yanatosha: wategemezi, kodi ya nyumba, chakula na matibabu, kipato, deni. Kaya inayohitaji shilingi 400,000 kwa mwezi na kupata 150,000 iko kwenye asilimia 37.5, basi ni fakiri. Fomu ya kurasa nne yenye picha na sahihi ya jirani haiongezi uhakika wowote, bali inawafukuza wenye haya.

Na wenye haya ndio shida kubwa. Orodha imejaa waliokuja kuomba, ilhali Surat Al-Baqara, aya ya 273, inawataja wale ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa namna wanavyojizuia. Hao hawaji ofisini. Dalili zao ziko kwa mwenye duka anayekopesha unga, na kwa mwalimu wa madrasa anayeona mtoto ameacha kuleta ada. Mjumbe mmoja mwenye kifua aulize taratibu. Majina abaki nayo yeye na mweka hazina; wengine kikaoni waone namba na kiasi tu.

Kuna wanaokimbilia istikhara, swala ya kumwomba Mungu mwongozo, pale hesabu inapowakera. Istikhara ni ya kuchagua kati ya mambo mawili ya halali, si ya kuamua kama mtu anastahiki haki yake.

Zaka na sadaka zisikae mfuko mmoja. Zikichanganyika, zaka huishia kulipa umeme wa msikiti, jambo ambalo wanazuoni wengi hawaliruhusu. Zakatul-fitri, ile ya kumaliza Ramadhani, nayo iwe na safu yake, maana hadithi inasema ikitolewa baada ya swala ya Idi ni sadaka ya kawaida. Mfanyabiashara anayefunga hesabu kwa mwaka wa miladi (Januari hadi Desemba) atoe asilimia 2.577 badala ya 2.5, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11.

Fakiri mwenye fani apewe kifaa: fundi nguo cherehani, mvuvi nyavu. Gunia la unga halimtoi kwenye orodha. Mwaka ukipita, pigeni hesabu ileile upya, na aliyejitosheleza jina litoke.