Mombo amejivua gamba, na chakula hataki

Mombo, buibui wangu mkubwa wa aina ya tarantula, alijivua gamba mwanzoni mwa Januari, na tangu hapo hajatia kitu kinywani. Nimempa nyenje, kakataa. Nimempa mende mdogo, kakataa. Wiki chache baadaye kijana mmoja wa Kisauni anayeishi Birmingham, naye anafuga tarantula, akaniandikia shida hiyo hiyo: wake amejivua, kapendeza, rangi inang'aa, lakini akiwekewa nyenje anarudi nyuma. "Dada, nifanyeje? Naogopa atakufa." Tulizungumza kwa simu kwa muda mrefu. Nikaona niyaandike, kwa kuwa habari hizi kwa Kiswahili ni adimu, na sisi tunaowafuga tupo, ingawa tumetawanyika.

Kwanza mumjue Mombo. Wataalamu wanamwita Pterinochilus murinus, jina alilolitoa Mwingereza Reginald Pocock mwaka 1897. Wafugaji wa huku Uingereza wana majina yao wenyewe: wako wanaomtaja kwa jina la Mombasa, na wale wa rangi ya chungwa kama Mombo huwaita Usambara. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto. Siku nilipoona kichombo cha plastiki kimeandikwa "Usambara" kwenye meza ya muuzaji, hapa Leicester, nilisimama. Ndani mlikuwa na kitoto cha buibui kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Nikamnunua, nikampa jina la Mombo, pale ambapo unaiacha barabara kuu ya Arusha na kuanza kupanda milima kwenda kwetu. Sikusema kwamba yeye katoka huko. Hawa wanaouzwa hapa wengi wao wamezaliwa vifungoni, na wazazi wao vivyo hivyo. Lakini ukoo wake ni wa kwetu, Afrika Mashariki na kushuka hadi kusini mwa bara, na mimi hilo lilinitosha.

Hashikwi. Tarantula wengi wa Amerika wana vinyweleo vya kuwasha ambavyo huvirusha wakichokozwa. Hawa wa Afrika hawana, silaha yao ni mbio na meno. Akiuma, maumivu ni makali na misuli hukaza. Basi mimi na Mombo tunaonana kupitia plastiki, na mkono wangu ukiingia ndani huingia na koleo refu.

Mama yangu hakunishangaa kama walivyonishangaa wenzangu kazini. Nyumbani kwetu buibui hauawi. Tumekua tukisimuliwa habari ya pango la Thaur na ule utando uliowarudisha nyuma waliokuwa wakimtafuta Mtume. Nilipomwonyesha Mombo kwa video aliuliza swali moja tu, anakula nini. Nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, kiumbe ukishamfungia, riziki yake iko juu yako. Alipokuwa porini alijitafutia." Maneno hayo ninayo moyoni, ndiyo maana kila nyenje aliyekataliwa ananiuma.

Dalili zilianza mwezi Novemba. Alipunguza kula, kisha akaacha kabisa. Akaziba mlango wa shimo lake kwa utando mzito uliochanganyika na udongo. Udongo wenyewe ni vumbi la makumbi ya nazi, huku linauzwa limekandamizwa kama tofali, unalimwagia maji linaumuka. (Mara ya kwanza nilipolifungua, harufu yake ilinifikisha Tanga moja kwa moja.) Rangi yake ikafifia, chungwa likawa kama limepakwa vumbi. Buibui akifikia hapo, chakula usimpe tena. Angalia maji tu, na umwache.

Ninafanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku. Alfajiri moja nilirudi nikakuta utando umepasuliwa upande mmoja, na kupitia ukuta wa plastiki nikamwona kalala chali. Asiyejua angemtupa. Tarantula akilala chali hajafa, anajivua. Anayekufa kwa kawaida hubaki amesimama, miguu imejikunja chini yake. Nilikaa sakafuni na koti langu bado mwilini. Ganda la mgongo lilikuwa limeshafunguka, na miguu ilikuwa inatoka polepole, anasukuma, anapumzika, anasukuma tena. Damu yake huelekezwa mbele kwa nguvu ili kupasua ganda la zamani, kisha miguu yote minane huchomolewa kutoka ndani, na chonge, na hata ngozi ya ndani ya mapafu. Wakati huo usimguse, usimpulizie, usimgeuze. Mguu ukinasa unaweza kukatika, na ganda jipya likitoboka hupoteza damu.

Sasa nije kwenye chakula, maana hapa ndipo watu wengi wanapopatia hofu.

Buibui hamezi vipande vya chakula. Humwagia windo lake maji ya kuyeyushia, kisha hufyonza umajimaji kwa tumbo dogo la kufyonzea lililo nyuma ya kinywa. Ukuta wa ndani wa koo na wa tumbo hilo umefunikwa na ganda la namna ile ile ya nje, na siku ya kujivua nalo hutoka. Kwa hiyo anayekaa mbele yako na rangi mpya ni mnyama ambaye chonge zake ni laini na mashine yake ya kufyonzea bado ni laini. Hata akitaka kula, hana cha kulia. Chonge zenyewe hukuambia: saa za kwanza huwa nyeupe, baadaye hugeuka nyekundu, na mwisho huwa nyeusi. Mpaka ziwe nyeusi kabisa, nyenje asiingie humo. Kitoto cha buibui huweza kula baada ya siku chache tu. Mkubwa huchukua wiki mbili, na wako wanaopitisha mwezi. Kadiri mwili ulivyo mkubwa ndivyo ganda linavyochukua muda kukauka.

Na nyenje si mgeni mwema. Akiwa na njaa humtafuna buibui ambaye bado ni laini, na buibui hana la kufanya. Nimewaambia wote wanaoniuliza: ukimkuta nyenje ndani ya chombo cha buibui aliyelala chali, mtoe kwa utulivu mkubwa, na kama huwezi kumfikia bila kutikisa chombo, mwekee huyo nyenje kipande cha karoti pembeni ashughulike nacho.

Kwa yule kijana wa Kisauni jibu lilikuwa hapo hapo. Wake ni jike wa Meksiko mwenye magoti mekundu, mzima, mpole, wa miaka mingi. Nilimwomba picha ya chonge. Zilikuwa nyekundu kama mbegu za komamanga. Nikamwambia: mdogo wangu, funga chombo, mwekee maji, nenda kazini kwako. Alikuwa ameshaambiwa na mtu kwamba amsogezee nyenje aliyepondwa hadi mdomoni kwa kibanio, amlazimishe. Nilimkataza kwa ukali. Chonge laini ukiigonga kwa chuma inapinda, na chonge iliyopinda haikai sawa mpaka ajivue tena, ambapo kwa jike mzima kama huyo ni mwaka au zaidi.

Juzi kaniletea picha nyingine. Nyeusi tii, na nyenje katikati yake. Kala.

Mombo je? Chonge za Mombo ziligeuka nyeusi zamani. Wiki mbili zikapita, wiki tatu, mwezi. Nilimuua nyenje nikamwacha mlangoni mwa shimo usiku, asubuhi nikamwondoa mzimamzima, kwa kuwa mzoga ukikaa huleta ukungu na vijinzi. Chumba kina joto la nyuzi 24, sikuona kasoro. Nikaanza kumwangalia tumbo kila nikirudi kazini. Tumbo ndilo kipimo. Likiwa limejaa na ngozi imetanda, mfungo haumdhuru. Likisinyaa na kufanya mikunjo, na miguu ikaanza kujikunja kwa ndani, hapo ni kiu, na kiu huua haraka kuliko njaa. Katika baadhi ya viungo vya mguu buibui hana msuli wa kunyoosha, hunyoosha kwa msukumo wa damu, na maji yakipungua mwilini mguu haunyooki. Mombo alikuwa anakunywa. Nilimshuhudia ameinamia kifuniko cha maji, uso umegusa, ametulia kwa muda mrefu.

Basi nikarudi kwenye gamba. Gamba la tarantula usilitupe hata siku moja, ni barua. Nililitoa kwa koleo, likiwa limekauka na kujikunja, nikaliloweka kwenye maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo mpaka likalainika, nikalitandaza juu ya sahani nyeupe kwa brashi ndogo ya rangi. Jambo la kwanza nililotafuta ni ile ngozi ya tumbo la kufyonzea. Isipotoka vizuri hubaki ndani imeziba njia, na mnyama hukamata windo, akalibeba, akajaribu, akaliacha. Nilimulika kwa tochi kutoka chini. Ilikuwepo, imetoka, nzima. Nikashusha pumzi.

Jambo la pili ni jinsia. Kwenye ngozi ya tumbo, katikati ya mapafu mawili ya mbele, jike ana kifuko cha kuhifadhia mbegu za dume, na kwa kuwa kina ganda, nacho huvuliwa. Unakiona kwa kioo cha kukuzia kama kijikunjo kilichosimama. Nilitafuta na kioo, nikageuza taa, nikatafuta tena. Hakuna. Mombo ni dume.

Siku chache baadaye alitoka mwenyewe shimoni, jambo ambalo hakuwa analifanya taa ikiwaka, na nikaviona vipapasio vyake viwili vya mbele. Ncha zimevimba na kubeba vibofu vyeusi, ambavyo kabla ya kujivua havikuwepo. Dume aliyekomaa hubebea mbegu humo. Hivyo basi hili lilikuwa gamba la mwisho la ujana wake, na kwa dume wa jamii hii karibu kila mara ndilo gamba la mwisho kabisa. Jike huendelea kula, kukua na kujivua kwa miaka zaidi ya kumi. Dume akishakomaa, chakula kwake huwa jambo dogo. Miguu hurefuka, tumbo hupungua, anaacha shimo na kutembea usiku kucha akitafuta jike. Humbakia miezi kadhaa, akijaliwa mwaka.

Nililia, na sioni sababu ya kuficha. Nimemlea tangu anakula vipande vya miguu ya nyenje.

Nikampigia Mama. Nilimwambia kwamba Mombo hali chakula, na kwamba hatakula tena kama zamani, na sababu yake. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Maji anakunywa?" Nikasema anakunywa. "Basi hujamdhulumu. Sasa anataka kingine." Wambea wa mtaani kwetu wangecheka, Mama hakucheka.

Anachotaka ninakisikia. Usiku nisiokwenda kazini, taa ikizimwa, anagonga. Anapiga vipapasio chini kwa mdundo mfupi wa haraka, ananyamaza, anapiga tena, kisha anazunguka kuta zote za chombo. Porini mdundo huo humfikia jike ndani ya shimo lake kupitia ardhini, na akiwa tayari naye hujibu. Ndani ya chombo changu hakuna wa kumjibu, na mimi kumweka azunguke plastiki mpaka miguu imwishe nguvu nimeona si haki.

Nimempata mfugaji Nottingham, mama mtu mzima mwenye uzoefu wa miaka mingi, ana jike wa Usambara aliyejivua majira ya kiangazi mwaka jana. Hilo la tarehe ni muhimu: jike akijivua baada ya kupandwa, mbegu zote hutoka na gamba, kazi ikawa bure. Kwa hiyo anatafutwa ambaye bado hajakaribia kujivua tena. Tumekubaliana kwamba wasikutanishwe siku ya kwanza. Chombo cha Mombo kitawekwa kando ya kile cha jike, vyote vimefungwa, wasikilizane. Jike akijibu mdundo, ndipo dume ataingizwa jioni, kwa utulivu, mbali na mlango wa shimo ili achague mwenyewe kusogea.

Hatari ipo, na nimeiambia nafsi yangu. Jike huweza kumkamata dume na kumla, kabla au baada. Mama wa Nottingham atamlisha jike wake mende wakubwa wiki nzima hii ili asiwe na njaa, na atakuwa na kipande kirefu cha kadibodi mkononi cha kuwatenganisha. Mimi nitakuwepo na chombo cha kumpokelea Mombo kikiwa wazi. Nimemwomba ruhusa msimamizi wangu nisifanye zamu ya Jumamosi. Safari ya treni kutoka Leicester ni fupi, na nimeshatafuta begi lenye bitana ya sponji ndani ili baridi isimfikie njiani.