Nilivyofuatilia mpaka polisi wakajibu, mdogo wangu alipovunjwa mkono na askari

Watu wa huku Manzese wananiuliza sana, dada uliwezaje, we fundi cherehani tu ukabishana na polisi mpaka wakakujibu kwa barua. Ngoja niandike mara moja, maana nimechoka kurudia kila mteja anapokuja kupima gauni.

Mdogo wangu ni bodaboda, kijiwe chake kipo Tip Top. Usiku ule difenda ya doria ikamsimamisha, abiria wake hana helmeti, kosa lipo na wala hakulikataa, akaomba tu aandikiwe faini aende zake. Kumbe kuomba kuandikiwa ndo kiburi. Wakamshusha, akakaa chini mikono kichwani kama walivyomwambia, na bado virungu vikaendelea, alafu wakapakia pikipiki wakaondoka, yeye wakamwacha hapo hapo na mkono unaning'inia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu askari atumie nguvu inayotosha kumkamata mtu, basi. Sasa mtu kashakaa chini katulia, kirungu cha nini tena?

Hospitali walimfunga mkono kwanza, daktari akasema PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mtaileta. Na hapo kwenye PF3 ndo wengi wanakwama, yaani waliokupiga ndo hao hao unaenda kuwaomba fomu. Pale kaunta afande akaniuliza kapigwa na nani, nikamwambia na askari, akaweka kalamu chini. Akasema mama, andika ameanguka na pikipiki itakua rahisi, mtatibiwa leo leo. Kwa sauti ya upole kabisa kama ananisaidia vile. Nikamshukuru nikatoka, sikubishana nae, maana ukishaandika umeanguka umejimaliza, daktari nae anajaza kulingana na hiyo na hakuna mahakama itakusikiliza tena.

Nikaenda kituo kingine kikubwa zaidi, nikamkuta afande wa kike, mtu mzima. Akasikiliza mpaka mwisho, akaandika shambulio, akanipa RB, ile namba ya taarifa kituoni, na PF3. Kwa hiyo jamani wapo, tusiwaweke wote kapu moja. Daktari akajaza sehemu yake, mfupa umevunjika, kitu butu, akagonga muhuri. Kabla sijairudisha ile fomu nikatoa kopi kama sina akili vizuri, nyingine nikaiacha kwa mama mkwe Mbagala, nyingine ipo chini ya kitambaa dukani.

Sasa nani kapiga? Namba za askari hazikuonekana, walivaa makoti ya mvua juu ya yunifomu. Ila vijana wa kijiweni walishika namba ya gari, ile ya PT ya magari ya polisi, na muda, na muuza chipsi wa pale alirekodi kidogo. Watu wakataka video irushwe usiku ule ule, mi nikakataa. Video ikizagaa, kijana alierekodi anatafutwa yeye, na watu wanabishana ni ya wapi na ya mwaka gani. Nikaomba faili lenyewe likae kwa mwanasheria. Wapo waliosema nimeogopa, sawa tu.

Mwanasheria nilimpata kwenye msaada wa kisheria, wa LHRC, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kule Kinondoni, bure. Nilimwambia wazi kwamba mtaani wanasema polisi hafungwi. Akanikumbusha kesi ya wale wafanyabiashara watatu wa madini wa Mahenge na dereva teksi waliouawa msitu wa Pande mwaka 2006, iliundwa tume ya Jaji Kipenka, askari wakashtakiwa, 2009 Mahakama Kuu ikawaachia, na 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja tu. Na mwandishi Daudi Mwangosi aliyeuawa Iringa 2012, askari alipewa miaka 15 hiyo hiyo 2016. Sikuchukulia kama habari njema wala mbaya, nilichosikia mi ni kwamba inachukua miaka na wengi wanachomoka, kwa hiyo bila karatasi usijisumbue.

Akaandika malalamiko kwa RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, nakala kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ile iliyopo kwenye Katiba ibara ya 129. Kulalamika kule hakuna malipo na unaweza kulalamika kwa niaba ya ndugu yako. Ila Tume haigusi jambo ambalo tayari lipo mahakamani, na haihukumu, inachunguza na kupendekeza, kwa hiyo usiende na matumaini ya kuona mtu anafungwa pingu. Kila barua niliyopeleka nilikua na nakala yangu, nikimwomba wa masjala agonge muhuri wa kupokelewa na tarehe. Wengine wananuna. Unasubiri tu, unakaa kwenye benchi unapekua simu, mwisho anagonga.

Huo muhuri ndo ulionibeba. Nilipoambiwa malalamiko hayajafika, niliitoa nakala nikaiweka mezani, yule afande akaisoma mara mbili alafu akaniita shangazi, kabla ya hapo nilikua we mama.

Baada ya miezi tukaitwa, mdogo wangu akaandika maelezo mbele ya mpelelezi ambae sio wa kituo kile, mashahidi nao wakaitwa. Pikipiki ilirudi, betri haipo. Barua ikaja kwamba askari wawili wamechukuliwa hatua za kinidhamu, hatua gani hawakusema, na hapo ndo mi nna ugomvi nao, maana nidhamu ni mambo yao ya ndani na mkono uliovunjika ni wa raia. Fidia haijaguswa kabisa kwenye hiyo barua.

Kwa hiyo tumetoa notisi ya siku 90, ndo utaratibu ukitaka kuishtaki serikali, na nakala imeenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Zikiisha kimya tunafungua kesi ya madai. Dogo karudi kijiweni ila safari za mbali hapandi, mkono unamsumbua kwenye kluchi.